Vigingi vya Baba

Kampuni iliyotaka kuzungushia uzio kinamasi chetu cha mikoko ilisema hakuna mtu aliyewahi kupita pale. Ilisema kwa karatasi yenye muhuri, na wakubwa wetu wakatikisa vichwa kukubali, kama mijusi ukutani. Mimi sisahau. Nilikuwa mtoto, nimesimama kwenye mzizi wa mkoko, wakati baba akivipigilia vile vigingi virefu kwenye tope, kutoka mwisho wa mji hadi ufukweni, ili waokota kome wajue pa kukanyaga.

Miaka ilipita, ikaja karatasi ile, na mkaguzi wa ardhi angekuja kesho yake kujionea. Akivikuta vimesimama, njia ni yetu. Asipovikuta, uzio unapita. Basi mchana ule, maji yalipokupwa, mimi na dada yangu tuliingia kinamasini kuvitafuta.

Tulipata vitatu tu, vimeota chaza, vimeinama kama wazee msikitini. Dada akanitania kwamba leo Kipaza kanyamaza, lazima mvua inyeshe. Ndivyo wanavyoniita, kwa ajili ya mdomo wangu. Akasogea pembeni kidogo akione vizuri kile cha tatu, na tope likammeza hadi mapajani.

Nilimvuta mkono, nikaanza kuzama na mimi. Kila akijitikisa, anashuka. Huku nyuma maji yalikuwa yameshageuka, yanaingia kimya kimya kwenye vijito. Nilihangaika na tawi la mkoko; bila panga, ni kupigana na chuma. Kilichobaki ni vigingi.

Dada aliona macho yangu yalikokwenda.

"Usithubutu. Hiyo ndiyo njia yenyewe."

"Dada, maji yako kiunoni."

"Kaite watu."

Watu gani? Barabara ya ufukweni wale wa kampuni wameiwekea mlinzi na mbwa, na kama ningezunguka ningerudi kumzika. Hilo nalo nimewawekea kinyongo.

Nilikikumbatia kigingi cha kwanza, nikakizungusha mpaka tope likakiachia. Kisha cha pili. Cha tatu kilinichana viganja. Nikavilaza mbele yake, akavilalia kwa kifua, akatambaa huku maji yakimpiga kidevuni. Alikuwa analia, na haikuwa hofu. Alikuwa ananilaani.

Kwenye mchanga mkavu, vigingi tumevikokota pamoja nasi, nilimwambia maji yakipwa tena turudi tuvichomeke palepale, nani atajua? Akanitazama kama anayemtazama mwizi wa kuku.

"Baba alivipigilia. Tukivichomeka sisi, tuna tofauti gani na wale wa muhuri?"

Nilibisha. Nilimwambia waongo hawashindwi kwa adabu, kwamba mkaguzi ataona kuni tu mikononi mwetu na atacheka. Akaniacha niseme mpaka nikachoka, huku akijikwangua tope miguuni kwa gamba la chaza.

"Acha acheke," akasema. "Akimaliza, nitamwomba akanyage pale nilipokanyaga mimi."

Akajitwika kigingi kimoja begani, akatangulia.