Kisanduku cha Mpokeaji

Dirisha la vifurushi pale posta lilikuwa na kioo chenye tundu chini, la kupitisha mkono na bahasha. Nyuma ya kioo alikaa karani, sweta begani kwa sababu ya feni. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na fomu, na katikati ya fomu kisanduku cheupe kilichoandikwa Mpokeaji. Humo aliandika mtu alivyo, ili mzigo usiende kwa asiye wake: "Bibi mwenye fimbo, hapendi kuharakishwa." "Baba mfupi, koti la kijani hata jua likiwaka."

Fomu ile aliitengeneza mumewe, fundi wa kompyuta wa ofisi hiyohiyo, aliyekaa chumba cha nyuma na nyaya zake. Jumatatu moja, akiikagua, alisoma: "Muuza baiskeli. Kijana mrefu, ana mwanya, akicheka mihuri inatikisika mezani."

Siku ile hakula mchana.

"Huyu mwenye mwanya ni nani?" aliuliza nyumbani, akimenya chungwa bila kulitazama.

"Mteja. Anapokea spoku."

"Na mwanya unahusiana nini na spoku?"

"Nisimpe mwingine mzigo wake, mume wangu. Wauza baiskeli wako wengi."

"Na wenye mwanya je?"

"Lete hilo chungwa. Unalichuna, humenyi."

Asubuhi fundi alimweleza meneja kwamba kuwaachia makarani waandike watakavyo ni kukaribisha makosa. Meneja hakuwa mpenzi wa kusoma, akakubali. Kisanduku cheupe kikafungwa. Pembeni yake kikawekwa kimshale. Ukikibonyeza, orodha inashuka, nawe unachagua humohumo. Orodha ilikuwa na Mama, Mzee na Mtoto, basi. Ukiandika jingine, kompyuta inalia kama mbu aliyebanwa na kulikataa.

Muuza baiskeli alipovuka kizingiti, nywele zilimgeuka mvi na mgongo ukapinda. Alifika dirishani akitweta.

"Shikamoo," karani alimwambia, akachagua Mzee.

"Marahaba, mwanangu. Spoku zangu zimefika?"

Alitia sahihi kwa mkono unaotetemeka, akatoka, na barabarani akapanda baiskeli yake, ujana umemrudia wote. Wanaume wengine nao walizeeka kwa zamu. Mmoja alisema ni nafuu, mzee hasukumwi kwenye foleni. Malalamiko ya siku hiyo yalihusu feni tu.

Fundi alichungulia kutoka chumba cha nyuma, akaridhika. Kisha akaona mkewe anatoka nyuma ya kioo kuwashika wazee mkono, kuwasogezea kiti, kuwapa maji. Hata alimfunga mmoja wao kamba za viatu. Nyumbani fundi hata chai alijimiminia mwenyewe. Jioni alilifuta neno Mzee.

Basi wanaume wakaanza kuja wakiwa watoto, suruali zikiwaburuza. Karani aliwapandisha kwenye kaunta watie sahihi, akawafuta makamasi. Muuza baiskeli, ambaye meno ya mbele hakuwa nayo kabisa, alisinzia begani mwake wakati mashine ya risiti ikinguruma.

Hilo fundi hakulivumilia. Alizunguka, akaingia kwa mlango wa mbele na kupanga foleni kama wenzake. Alipofika dirishani shati lilimfika visiginoni.

"Umekuja na nani, baba?" mkewe alimwuliza.

"Na mke wangu."

"Yuko wapi huyo mkeo?"

Akamnyooshea kidole. Foleni nzima ikaangua kicheko. "Kameanza mapema haka!" alisema mtu. Karani hakucheka. Aliinama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nirudishie kile kisanduku cheupe. Na wewe nitakuandika."

"Utaandika nini?"

"Sijui bado. Nitakutazama kwanza, vizuri."

Mtoto alifikiri, kidole mdomoni. Ni wazi kwamba alitaka.

"Na yule wa spoku utamwandika?"

"Akija, ndiyo."

"Basi sitaki."

Jioni fundi akalifuta na neno Mtoto. Likabaki Mama, na wote wakaja wakiwa kina mama. Waliegemea kaunta, wakaweka vikapu chini, wakazungumza na karani habari za miguu kuvimba na za waume wasiojua kumenya chungwa. Fundi alimsikia mkewe akicheka nyuma ya ukuta, kicheko kirefu chenye kukohoa ndani yake, ambacho hakuwahi kukisikia nyumbani.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mambo ya kina mama."

Akalifuta na neno Mama.

Kesho yake mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Watu walikuja mpaka kizingitini, lakini miguu yao haikukata kona. Iliwapitisha mlango na kuendelea na barabara, wakiwa bado wameshika vitambulisho. Vifurushi vilipanda hadi darini. Meneja alimsifu fundi mbele ya wafanyakazi wote: tangu orodha ikamilike, hakuna kosa hata moja lililoingia.

Mchana fundi alileta kiti, akakaa ubavuni mwa mkewe. Feni ilizunguka. Karani alikuwa ameweka mikono mapajani, anatazama kioo kitupu, na pembe ya mdomo wake ilikuwa imeinuka kidogo.

"Unamcheka nani?" akamwuliza.