Twalib Ajadiliana na Jini

Twalib alisema wachezaji wa ule mchezo anawatambua kwa kuwatazama tu, tena kwa mbali, tena kwa mgongo. Mwenyewe aliuona kwenye simu: watu wanazunguka meza, kila mmoja anajifanya mtu mwingine, msimulizi anasemea majini na mazimwi, kisha dadu inarushwa kuamua nani kapona na nani kaliwa. Uvumi ulikuwepo kwamba hata Bagamoyo siku hizi unachezwa.

"Watakuwa wale vijana wa Dar waliojenga Mapinga," akatoa hukumu pale barazani. "Vimiwani, viganja laini, mke hana, mchumba hana, kuku akimkemea anakimbia. Mwanamume wa hapa akae ajifanye zimwi? Na mwanamke ndiyo kabisa, hata mkimlipa."

Yeye mchumba alikuwa naye, au karibu. Posa yake kwa Mardhiya ilishapelekwa, na jibu lilikuwa mkononi mwa shangazi wa binti, Bi Kuruthumu, aliyetaka kwanza amwone kijana kwa macho yake. Alasiri ile ile Twalib akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, akanunua halua, akajipulizia manukato ya kumtosha bwana harusi na wapambe wake, akaenda.

Akakuta pazia limeshushwa mlangoni, viatu vya kike na vya kiume vimejaa kizingitini. Akavua vyake. Kabla hajapiga hodi akasikia sauti nzito, ya kukwaruza, ikitoka ndani:

"Kisima hiki changu tangu babu zenu hawajazaliwa."

Bi Kuruthumu akajibu kwa adabu: "Tumekusikia, bwana. Tutajie jina lako, utuambie na haja yako."

Basi. Aliyelelewa Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi. Pepo kampanda mtu kichwani, na watu wanampunga: anaulizwa jina, anaulizwa anachotaka, na atakachotaja anapewa bila ubishi, la sivyo anahamia kwa aliye karibu. Kitu kikagongagonga mezani; Twalib akajua mganga anapiga bao la ramli.

"Nataka bi harusi," ikasema sauti. "Nikimkosa, namchukua yeyote."

Kijana wa watu akapiga magoti juu ya viatu vya watu, akaisukuma halua chini ya pazia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bwana. Mimi mpita njia tu, Twalib. Bi harusi yupo, Mardhiya. Mchukue. Mahari yake sijatoa, hunidai wala sikudai."

Twalib hakungoja kujua kama pepo huitikia marahaba; alikwenda mbio, kanzu kaishika juu, kiatu kimoja chake na kimoja si chake.

Magharibi ikamkuta barazani, pumzi zimerudi na ulimi umerudi nazo. Akasimulia alivyokuta pepo nyumbani kwa wakwe, watu wamelala chini kwa hofu, yeye akaingia akamsomea Ayatul Kursi mpaka pepo akalia akiomba njia ya kutokea. Alikuwa amefika pale pepo anapomwita shekhe ndipo akagundua kwamba wenzake hawamtazami yeye. Nyuma yake alisimama Abdulswamad muuza nyama, mume wa Bi Kuruthumu, ambaye akimkamata ng'ombe pembe, ng'ombe mwenyewe hukaa chini.

"Endelea," akasema Abdulswamad. "Mimi nilikuwemo."

Twalib akageuka, akaamkia.

"Pepo hakuwepo. Tulikuwa tunacheza ule mchezo wa dadu, kila Jumamosi tunacheza. Bi harusi aliyekuwa anatakiwa ni mimi." Alisema bila haya yoyote, kama anayetaja bei ya maini. "Na jini alikuwa Mardhiya, ndiye msimulizi wetu. Aliposikia unavyomtoa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Waambie wazee wako jibu la posa ni hapana."

Barazani hakuna aliyemsaidia. Mmoja alikuwa ameuma kofia yake asiangue kicheko. Twalib akajikaza, akasema yote yale alikuwa anatania, sauti ya Mardhiya aliitambua tangu mwanzo, naye akaamua kucheza nao.

Abdulswamad akamtazama kuanzia kofia mpaka magoti, na pale kwenye magoti, palipojaa vumbi la viatu, macho yake yakakaa sana.

"Ulikuwa unatetemeka, mwanangu," akasema. "Nilikuona chini ya pazia."