Kengele ya Tangi la Nne

Jumatatu kabla ya chai ya saa nne, fundi wa mtandao wa shirika la maji aliandika kanuni ya sita. Tano za kwanza zilikuwa za kawaida: mtu akikosea nywila mara tano, kengele ilie, akiingia kwenye mfumo siku ya mapumziko, ilie, faili kubwa likitumwa nje ya ofisi, ilie. Ya sita aliletewa na mkurugenzi kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Yeyote atakayefungua matokeo ya vipimo vya tangi la nne ajulikane jina, mahali na saa.

"Halafu ya saba," mkurugenzi akasema, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. "Atakayezigusa kanuni hizi naye ajulikane. Hata ukiwa wewe."

"Hata nikiwa mimi," fundi akasema, akaandika. Alikuwa na mama wa kumtunza, na maswali hayakuwa sehemu ya kazi yake.

Kengele ilipaswa kutokea kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Haikutokea huko. Saa saba na dakika kumi, fundi akiwa kwenye foleni ya kantini, sikio lake la kushoto lilianza kulia kama kengele ya baiskeli, likasikika hadi jikoni. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mpima maji, maabara, saa saba na dakika kumi."

Mpishi alimwomba asogee, anazuia wenzake. Mkurugenzi, aliyekuwa anakula karibu na dirisha, aliandika jina kwenye kiganja na kuendelea kutafuna.

Siku ya pili yake mpima maji alihamishiwa stoo ya mabomba mabovu. Alikuwa mtu mzima, miaka ishirini akijaza chupa na kuzisoma. Kabla ya kuhama alipita kwenye meza ya fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimesikia jana ulilia."

"Nililia. Unisamehe, sikupenda."

"Kulia si kosa. Ila tangi la nne limeingia maji ya choo. Nimeandika mara tatu, mara tatu wamelifungia faili. Jana nilitaka kulichapa niwapelekee wanaoyanywa."

"Tangi hilo linapeleka wapi?"

"Bondeni kote."

Fundi alikuwa anakaa bondeni. Mama yake alikuwa kitandani siku ya nne, tumbo likimkata, na walikuwa wamesingizia maharage.

Saa kumi na moja jioni alishuka bombani, akawakuta majirani na ndoo zao. "Jamani," akaanza, "haya maji..." Sikio likalia. "Fundi wa mtandao, bombani, saa kumi na moja kamili," mdomo ukasema, na kila alipojaribu tena ukasema hivyo hivyo, ukibadilisha dakika tu. Kanuni ilisema atakayefungua matokeo. Haikusema kwa kompyuta au kwa kinywa. Aliyeiandika ni yeye, na hakuwa na wa kumlaumu.

"Tunakujua, mwanetu," jirani mmoja akamwambia, akajaza ndoo yake.

Jumatano aliwahi kazini aifute kanuni hiyo. Vidole vilipogusa kibodi tu, alijitaja. Akachukua karatasi aandike barua ya kuacha kazi. Alipofika kwenye "Ndugu Mkurugenzi", alijitaja tena, kwa kuwa kuziacha kanuni bila mlinzi nako ni kuzigusa. Mkurugenzi alikuja akisikiliza kwa makini, kama anayesikiliza injini ya gari jipya.

"Mimi nilidhani utanikasirikia," fundi akasema.

"Kwa lipi? Kengele haifukuzwi kazi." Akaagiza kiti chenye mto kiwekwe nje ya mlango wake. Tangu siku hiyo fundi akawa anakaa hapo, saa mbili hadi saa kumi. Wafanyakazi walipopita walimsalimia, wakapunguza mwendo, wakafikiria vizuri walichotaka kukifanya, wakarudi mezani kwao.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameisha mwili, pete imemlegea kidoleni. Alimshika mkono.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ni maji?"

Fundi aliuma midomo, akaiziba kwa kiganja. Sikio lilianza kulia hata hivyo, kwa sauti ndogo, likaendelea. Mama alilifunika kwa mkono wake, wakakaa hivyo mpaka likachoka.

"Basi, usilie. Nimeshaelewa."

Mama akamwambia jirani wa kwanza aliyekuja kumjulia hali, na jirani huyo akawaambia wengine. Ikawa kila jioni akina mama wanabisha hodi na ndoo mkononi, wanauliza kwa adabu kama leo yamesafishwa. Fundi alitoka kizingitini, sikio likalia. Wakatikisa vichwa, wakamwambia ahsante, mwanetu, na pole kwa kazi. Wenye mkaa walikwenda kuchemsha. Wasio na mkaa walikwenda kupanga foleni wakayanywa hivyo hivyo, maana bondeni bomba lilikuwa moja.