Yunusu Hakuwa na Mke

Mwaka 1956 nani hakumjua Yunusu pale Miyomboni, Iringa? Dereva wa lori la mahindi la kwenda Mbeya, mtu wa kanzu safi na maneno makubwa. Kila baraza alilokaa aliwafundisha wanaume wenzake namna ya kutunza mke. Mke wake mwenyewe, Zuena, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa akiugua ndani.

Akienda haja ndogo alihisi kama anamwagiwa maji ya moto, na usaha ulichafua nguo zake. Alipomwambia mumewe, Yunusu aligeukia ukutani.

"Baridi hiyo," akasema. "Vaa sweta."

Daktari mkubwa huyo! Na mama yake, Bibie, akaleta majani ya kujifukiza pamoja na matusi. "Mwanangu mzima kama chuma. Wewe uchafu huo umeutoa wapi?"

Zuena alivumilia majuma matatu. Jumatatu ya juma la nne akaaga kwamba anakwenda sokoni, akaenda hospitali.

Mezani alikaa dresa, msaidizi wa daktari, aitwaye Crispin, kijana aliyeuliza magonjwa ya watu kwa sauti ya mnadani.

"Unaumwa nini, dada?"

"Tumbo."

"Juu au chini?"

"Chini."

"Ahaa! La uzazi au la uhuni?"

Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko. Zuena akageuka aondoke, akafika hadi mlangoni. Akakumbuka jinsi alivyouma kanga asubuhi ile chooni ili asipige kelele. Akarudi mezani.

"Nimeolewa, na sijui mwanamume mwingine. Andika unavyotaka, lakini nitibu."

"Mumeo nani?"

"Yunusu, dereva wa lori la mahindi."

Crispin akafunua kurasa za nyuma za daftari, kidole kikasimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alijua kunong'ona.

"Huyu tulimchoma sindano mwezi wa tano. Kisonono. Tukamwambia amlete mkewe."

"Akasemaje?"

"Alisema hana mke."

Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Mume alikwisha kupona, akarudia Mbeya na mambo yake, mke akaachiwa majani ya Bibie.

Zuena alichomwa penisilini, akaambiwa mumewe naye apimwe tena, la sivyo atamwambukiza tena. Jioni hakungoja wabaki wawili. Alimkuta barazani na jirani yao Mzee Kalinga na wengine, wanakunywa kahawa.

"Yunusu, hospitali wanakuita. Nimewaambia mke unaye."

"Mwanamke, unaniaibisha mbele za watu!"

"Aibu hii ni yako. Nimekubebea majuma matatu, mgongo umeniuma."

Mzee Kalinga aliweka kikombe chini, akaaga. Wengine wakamfuata, na Yunusu, bingwa wa maneno, akabaki na birika la kahawa.

Kesho yake Zuena alikwenda Kilolo kwa kaka yake, Isihaka. Alirudi mjini kumaliza sindano, akapona. Baada ya mwezi Yunusu alimfuata na doti mbili za kanga na pole nyingi.

"Karatasi ya daktari iko wapi?" Zuena aliuliza.

"Karatasi ya nini? Mimi si mzima?"

"Basi nenda na uzima wako."

Akamrudishia kanga zake, akaingia jikoni kupika ugali wa watu wa nyumbani. Yunusu hakuhesabiwa.