Nyuzi za Mgeni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi kipande cha tano kilikatika. Hakikutoa mlio mkali wa kitu kigumu kinachovunjika. Kilinung'unika, kikanyong'onyea kati ya vyuma viwili vya mashine ya kupindia, kisha kikaachana taratibu, na nyuzi za katani zikabaki zimetokeza kwenye jeraha kama nywele kwenye kitana. Mshale wa kipimo ulikuwa umegota kwenye kilo sitini na moja. Mnunuzi alitaka tisini.

Mkemia alikichomoa kipande, akakisogeza dirishani na kukikagua kwa kioo cha kukuzia. Uso uliovunjika ulijaa vitundu vidogo, visafi, kana kwamba vimetobolewa kwa sindano. Kila kitundu kilikuwa mahali ambapo unyuzi ulikuwa umechomoka mzima mzima. Hilo ndilo lililomkera kuliko namba yenyewe. Kama plastiki ingekuwa imeushika unyuzi sawasawa, unyuzi ungekatika palepale pamoja nayo, ukabaki kisiki kifupi. Hapa kila kimoja kilikuwa kimeshika njia yake.

Shida yenyewe haikuwa ngeni. Polipropilini, plastiki ile ile ya ndoo na mabeseni, haipatani na maji. Katani, kama kitu chochote kilichotoka kwenye mmea, huyapenda. Ukizichanganya hivi hivi zinalala kitanda kimoja, lakini kila moja imegeukia ukuta wake. Ndiyo maana kukawa na kiunganishi, punje za manjano hafifu ambazo kiwandani waliziita mshenga. Upande mmoja wa mshenga hujichanganya na plastiki, upande wa pili huung'ang'ania unyuzi. Vitabu vilisema hivyo, na mkemia alikuwa ameyaona matokeo yake kwa macho yake alipokuwa chuoni. Kwa hiyo sampuli za kwanza ziliposhindwa aliongeza mshenga, na za pili ziliposhindwa akaongeza tena.

Meneja aliingia bila kubisha, miwani juu ya paji la uso.

"Haya, niambie."

"Sitini na moja."

"Na zile za juzi?"

"Sitini na tatu."

"Kumbe tunashuka! Daktari anaongeza dawa, mgonjwa anazidi kuzimia." Alijicheka mwenyewe, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Sikiliza. Mkaguzi wa mnunuzi anafika saa tisa. Wao wanatengeneza viti vya magurudumu vya hospitali, hawawezi kumkalisha mgonjwa kwenye kitu kinachonyong'onyea. Akiondoka na majibu haya, nanunua nyuzi za kioo, na chumba cha katani nakifunga. Sina ujanja."

Alisema maneno ya mwisho akiangalia ncha za viatu vyake. Msimamizi wa chumba cha katani, mwenye wanawake kumi na mmoja chini yake, alikuwa mama mkwe wa mkemia.

"Nimekuelewa," alisema mkemia.

"Wewe huwa unaelewa. Nataka ufumbuzi." Akatoka.

Mkemia aliketi. Hakuwa mtu wa kushika kichwa. Alipitia alichokuwa na uhakika nacho: nyuzi zilikuwa zimekaushwa vizuri, alizipima mwenyewe, joto la mashine lilikuwa sawa, mshenga ulikuwa wa shehena mpya. Alichoshindwa kukieleza ni kwa nini mshenga haukufanya kazi hata kidogo. Kazi mbovu angeielewa. Kutokuwepo kwa kazi kabisa ni jambo jingine.

Mlango ulifunguka kwa teke. Alikuwa fundi wa mashine ya kukandia, mtu wa mwili mkubwa aliyeitwa Tanuri kwa sababu ya joto la mahali pake pa kazi na la maneno yake. Kwapani alikuwa amebana bamba la rangi ya kahawia, lenye ukubwa wa sinia.

"Dada, una msumeno?"

"Wa nini?"

"Wa hili shetani. Nataka kulitupa, haliingii kwenye pipa. Nimelikunja kwa goti, goti ndilo limelia. Nimelikanyaga, limenirusha. Vijana wote wananicheka huko chini."

"Bamba gani hilo?"

"La kusafishia mashine. Jana nilipomaliza sampuli zako mchanganyiko ulibaki tumboni mwa mashine, nikatupia katani ya kwenye kapu ili uburute uchafu utoke. Kila siku nafanya hivyo. Ila leo..." Akalipiga bamba kwa kiganja. "Leo limenivimbia."

Mkemia alikuwa ameshasimama.

"Mchanganyiko wangu? Wenye mshenga?"

"Ule ule. Ulitaka nimwage?"

"Lete hapa."

Alikata kipande kwa msumeno wa umeme, akakipima unene, akakilaza kwenye mashine ya kupindia. Mshale ulipanda. Ulipita sitini bila kusita, ukapita themanini. Kwenye mia na mbili kipande kilipasuka kwa mlio mkavu uliomfanya Tanuri aruke nyuma na kumtaja mama yake. Mkemia hakuangalia kipimo mara ya pili. Alichukua kioo, akaenda dirishani. Vitundu havikuwepo. Nyuzi zilikuwa zimekatika fupi fupi, usawa mmoja na plastiki, kama nyasi zilizopitiwa na fyekeo.

"Ni nini?" aliuliza Tanuri kwa sauti ya chini, kama mtu aliye katika chumba cha mgonjwa.

"Mashine ile ile, plastiki ile ile, mshenga ule ule," alisema mkemia. "Kilichobadilika ni katani."

"Katani ni katani, dada. Zote zinatoka kwa mama mkwe wako."

"Ndiyo. Lakini za kwenye kapu ni za kila siku. Za sampuli huja zimefungwa peke yake."

Katika sanduku la sampuli lilikuwa limebaki fungu moja. Alilitoa. Lilikuwa zuri mno, jeupe, limelala kama nywele za bibi harusi, na liling'aa. Kwa majuma kadhaa alikuwa ameliona likiwaka hivyo na hakujiuliza swali. Alichukua karatasi nyeupe mbili, akaweka nyuzi katikati, akapitisha juu yake pasi ya moto ya maabara. Alipofunua, karatasi ilikuwa na doa la kupenyeza mwanga, pana, lenye umbo la fungu lenyewe. Akafanya vivyo hivyo kwa katani ambayo Tanuri aliileta kutoka kwenye kapu. Karatasi ilibaki kavu.

"Mafuta," alisema Tanuri.

"Mafuta."

"Basi mshenga wako amefika nyumbani kwa watu, akakuta mlango umepakwa mafuta, akateleza akaanguka nje."

"Kwa mara ya kwanza leo," alisema mkemia, "umesema kitu ambacho ningeweza kukiandika."

Chumba cha katani kilikuwa ng'ambo ya ua, kirefu, chenye madirisha juu karibu na dari. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye vitana vya chuma wakivuta nyuzi, na vumbi jeupe limewatua mabegani. Mama mkwe alikuwa kwenye kona yake, leso kichwani, fungu jipya mapajani. Pembeni yake kulikuwa na kopo dogo lenye kitambaa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Asubuhi umetoka nyumbani kama mtu anayefukuzwa na polisi."

"Nitakula. Mama, hizi nyuzi za sampuli, huwa unazipaka nini?"

"Kuzipaka?" Mama mkwe aliinua macho. "Mimi nazitunza. Zile za kila siku hatugusi mafuta, tumekatazwa, tumetii. Waulize hawa. Lakini hizi za kumwonyesha mgeni! Zinakuja zimekauka kama ufagio. Ningekuwa nakupa ufagio ukamwonyeshe mkaguzi? Natia tone, nachana taratibu, zinalala. Hakuna mwingine ninayemwachia. Nafanya kwa mkono wangu."

Kiwanda kilipokuwa kikisokota kamba, katani yote ilipakwa mafuta ili iteleze kwenye kitana bila kukatika. Kilipohamia kwenye plastiki, mkemia ndiye aliyeyapiga marufuku. Lakini hakuingia chumbani humu kulisema. Hakuona vizuri kumwamuru mama wa mumewe mbele ya wenzake, kwa hiyo alimwambia meneja, na meneja akapita mlangoni akasema kwa mkato: msipake mafuta, yanachafua mashine. Sababu ya kweli haikuvuka ua.

"Mama, tone hilo ndilo linaloangusha sampuli."

Vitana vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Mama mkwe aliliweka fungu chini polepole.

"Zinazoanguka ni zangu?"

"Ndiyo."

"Nilizozichambua mwenyewe."

"Hizo."

"Basi nimewamaliza wenzangu," alisema, na mkono wake ukaenda kwenye leso ukabaki hapo. "Si mnaona? Nimewamaliza kwa mikono yangu."

"Bado, mama. Mkaguzi anafika saa tisa. Plastiki inashikwa na unyuzi mkavu, mafuta yanakaa katikati na kuzuia. Si suala la uchafu. Nilitakiwa kukueleza mwenyewe, sikufanya hivyo."

Mama mkwe aliushusha mkono.

"Tunakaa nyumba moja," alisema. "Chumvi tunaombana. Ukiwa na neno la kazi unalipitisha kwa meneja?"

"Niliogopa utaona nakuamuru."

"Mwanangu, mimi nimeamuriwa na watu wasiojua hata katani inaotaje. Ningeshindwa kuamuriwa na wewe?" Mwanamke mmoja aliguna kicheko. Mama mkwe akamgeukia. "Unacheka nini? Lete kapu! Zile mbaya mbaya, zilizosimama kama nywele za kichaa. Ndizo anazozitaka msomi wetu."

Tanuri aliingiza mchanganyiko mashineni kabla ya chakula cha mchana. Mkemia aliurudisha mshenga kwenye kiasi cha mwanzo, kwa sababu hakukuwa tena na haja ya kuuongeza, na mshenga ukizidi hulegeza. Bamba lilitoka, likaachwa lipoe kabisa. Alikata vipande sita. Cha kwanza alikivunja mwenyewe, mlango umefungwa, Tanuri akiwa amegeuka ukutani na vidole masikioni.

Mlio ulikuwa mkavu. Mia na nne.

Mkemia aligundua kwamba mabega yake, ambayo hakujua kuwa yalikuwa yamepanda, yameshuka. Alivuta stuli akaketi. Alihisi njaa kali, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu sampuli za kwanza zishindwe.

"Geuka," alimwambia Tanuri. "Na kama kuna chakula popote katika jengo hili, kilete."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, asiyepoteza neno. Alivunja vipande vitano kwa mkono wake mwenyewe. Cha chini kabisa kilitoa tisini na nane. Aliziangalia nyuso zilizovunjika kwa muda mrefu kuliko alivyoviangalia vipimo, na hilo lilimfanya mkemia amheshimu.

"Sampuli za kwanza mlizotuletea, nyuzi zilichomoka," alisema.

"Nyuzi zilikuwa na mafuta."

"Na hizi?"

"Hazina. Unaweza kuchagua fungu lolote chumbani ukalipima kwa pasi na karatasi. Yakiwepo mafuta, doa litaonekana."

"Nitachagua."

Alivuka ua, akaingiza mkono kwenye kapu bila kuangalia, akatoa fungu. Mama mkwe alisimama kando, mikono nyuma, akiwa amefunga mdomo kama mtu aliyebeba maji humo. Mkaguzi aliliweka kati ya karatasi mbili, akalipitishia pasi ambayo mkemia alikuwa ameibeba, akainua karatasi kuelekea dirishani. Ilikuwa kavu.

"Hazina sura," alisema mkaguzi.

"Hazina, mwanangu," alisema mama mkwe. "Inaniuma mpaka hapa. Lakini ndivyo mnavyozitaka."

Mkaguzi alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza, akamgeukia meneja. "Zimepita. Anzeni mabamba ya viti mia vya kwanza. Nikirudi nitapima mengine."

Meneja alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamsindikiza hadi langoni, akarudi karibu mbio. Alisimama katikati ya chumba, bado anahema.

"Akina mama," alisema, "chumba hakifungwi."

Kelele ziliruka hadi kwenye madirisha ya juu. Mtu alimkumbatia Tanuri, ambaye hakuwa amefanya lolote ila kukosa msumeno, naye akapokea pongezi zote bila aibu. Mama mkwe aliketi kwenye kona yake, akafuta uso kwa ncha ya leso, akavuta pumzi ndefu. Kisha akainuka.

"Basi, inatosha. Mgeni kasema mia."

Saa kumi na dakika tano robota jipya la katani lilikatwa kamba, na vitana vikaanza tena.