Mmea Wenye Uzi Mwekundu

...na eti mgunduzi, mgunduzi wa nini, mtu aliyekuwa hawezi kutofautisha jani la kunde na jani la choroko mpaka anong'onezwe, saba, nane, tisa, Mizani akaishika punje ya tisa kwa kibano, akaiweka juu ya karatasi yenye maji, akaisogeza kidogo ilingane na wenzake, maana punje mia lazima zikae safu kumi za kumi kumi, zisigusane, moja ikioza isimharibie jirani, na kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili katika chumba hikihiki cha kupimia mbegu, dirisha moja, sinki moja, kabati la joto linalonguruma kutwa nzima, na Mama Pacha, mpokeaji wa sampuli, amekaa juu ya gunia, miwani kwenye ncha ya pua, anamsomea kutoka kwenye simu habari za kundi la waliosoma shule ya kilimo, kwa kuwa naye alipita palepale, miaka sita nyuma ya Mizani, "Haya dada, yule wa mizinga kapata mjukuu wa nne... na yule aliyekuwa akimkimbia ng'ombe mpaka anaacha viatu, ndiye sasa daktari wa mifugo, Mungu ana utani huyu!... wa matrekta kalazwa, mgongo umekataa," na Mizani akawa anaitikia mh, mh, ilhali masikio yake yamebaki kule juu kwenye habari ya kwanza, kwamba Jumamosi hii shule inafungua chumba kipya cha mbegu, na juu ya mlango litabandikwa jina la Kiranja, mwenzao wa darasa, kwa sababu ndiye aliyewapa wakulima maharagwe ya Fahari yasiyoshikwa na kutu, ule ugonjwa wa madoa ya majani, hayahaya yaliyo mbele yake mezani, meupe yenye michirizi ya zambarau, na darasa lao lote linaombwa kutia majina kwenye barua ya kushuhudia kwamba waliyaona yakizaliwa, thelathini na mmoja wameshakubali, amebaki yeye.

Waliona nini, hao thelathini na mmoja? Kumi na nne, kumi na tano... Walichokiona ni toroli, basi, Kiranja wa usafi akisukuma toroli la magugu kutoka vitaluni hadi kwenye lundo la mboji, akipiga mluzi, na kama kusukuma toroli ni ugunduzi basi punda wote wa dunia hii wapewe nishani, maana aliyeugundua mmea ule alikuwa Twiga, Twiga aliyewapita wavulana wote kwa urefu na akili, aliyelala kitanda cha juu na Mizani cha chini, na kila aliyesoma mwaka ule anajua, ila wanajitia hamnazo kwa sababu Kiranja ana gari jeupe na anachangia vizuri kwenye harusi za watoto wao, kumi na sita, akaibana punje kwa nguvu ikamchomoka ikaruka chini ya meza, akainama kuitafuta, damu ikamjaa kichwani, akaona heri, angalau Mama Pacha hatauona uso wake. Maana kila mwanafunzi alipewa kitalu chake, matuta manne, na Mwalimu Rula, aliyetembea na rula ya mbao kwapani akipima nafasi ya shina kwa shina, alikuwa na sheria moja tu, kitalu cha mbegu ni safi au si kitu, mmea wowote usiofanana na wenzake ni mgeni, na mgeni hung'olewa, wenyewe wakaiita kazi hiyo kufukuza wageni, kila alfajiri wameinama mstari mzima, umande mpaka magotini, na siku ya mtihani kila mgeni atakayekutwa kwenye kitalu chako unakatwa alama tano, na Twiga akamwacha mgeni mmoja, makusudi, akachomoa uzi mwekundu kwenye sweta lake akaufunga kwenye shina, akasema, "Huu siung'oi, Mizani. Tazama majani. Kutu imekula shule nzima, huu hauna hata doa," na Mizani akamwambia, "Utafeli," na Twiga akacheka, "Rula akiuona atanishukuru."

Atamshukuru! Rula, ambaye hakumshukuru hata mpishi! "Dada, umeanguka huko chini?" Mama Pacha akauliza, na Mizani akaibuka na punje yake, akaitupa, akachukua nyingine, "Nipo, soma," na Mama Pacha akasoma kwamba wa kuku kahamia kwa bintiye, na Mizani akawaza mbona hakuna anayesoma habari za Twiga, Twiga hayumo kwenye kundi, wamesema kundi ni la wenye vyeti, naye alitolewa wiki tatu kabla ya cheti, na siku hizi anashona, kwenye kibanda cha mabati karibu na stendi, na anachoshona, jamani, ni ovaroli za kijani za wanafunzi wa shule ileile, ndiyo, shule iliyomtoa inampelekea vipimo vya miguu ya watoto wa wenzake, na Jumamosi wanafunzi watapiga makofi chini ya jina la mwizi wakiwa wamevaa jasho lake, mwizi, neno ni hilo, wasilipake asali, ataiandika barua yake mwenyewe, atawaambia wote thelathini na mmoja kwamba ushahidi wa kununuliwa ni...

"Ngoja, ngoja, wamemhoji mwenyewe," Mama Pacha akasema, akaisogeza simu karibu na macho, "sikiliza. 'Niliukuta mmea huo asubuhi moja juu ya lundo la mboji, umeshang'olewa, umetupwa na mtu asiyejua thamani yake. Maganda yalikuwa yamekomaa. Nikayachukua.' He! Kumbe kuna mjinga aliung'oa! Dada, huyo mjinga leo yuko wapi? Si ajabu yumo humuhumu kwenye kundi, anasoma huku anajikuna." Akacheka mpaka gunia likatikisika.

Kibano kikabaki hewani... hakudanganya, Kiranja hakudanganya, uzi mwekundu ameumeza, hilo ndilo lake na atalijibu, lakini mboji ni kweli, kung'olewa ni kweli, na miaka yote hii Mizani amekuwa akijisimulia wizi akianzia kwenye toroli, hajawahi hata mara moja kuanzia nyuma ya toroli, pale kwenye kitalu cha Twiga, asubuhi ya mtihani, kengele ya uji haijalia bado, yeye peke yake, amekunja sketi, anatazama huku na huku, kwa ajili ya alama tano, wallahi kwa ajili ya alama tano za rafiki yake, mwenzangu asifeli kwa ukaidi, akaukamata shina ukatoka na udongo wake, mwepesi, wala haukumpinga, akautupa kwenye rundo la magugu pembeni na kujiona mtu mwema, akanywa na uji. Na kisha Twiga alipofika kitaluni, ule ukelele, "Mwalimu, umeniulia mmea wangu!" na Rula, "Mimi sijagusa kitalu chako," na Twiga, "Mwongo! Mwongo mkubwa!" mbele ya shule nzima, na Rula, rula yake ikamdondoka kwapani, mzee wa watu, kwa kuwa kweli hakugusa, na Mizani amesimama tuta la pili, mikono nyuma, udongo ungali kwenye kucha, anajua kwamba kugusa kitalu cha mwenzio siku ya mtihani ni kufukuzwa, anasema moyoni nitasema wakitulia, nitasema baada ya chakula cha mchana, na kabla ya chakula cha mchana Twiga alikuwa ameshafukuzwa kwa kumtukana mwalimu, ameshatoka getini na sanduku la bati kichwani, na Rula amekufa akiitwa mwongo, na nyani haoni kundule, ndiyo, haoni, anaweza kukaa miaka thelathini asilione.

Tena si mara moja. Maana mwaka juzi Twiga alimpigia simu, cherehani ikisikika nyuma, "Mizani, wewe ndiye mtu wa mbegu, haya maharagwe ya Fahari dukani, mbona kama ule mmea wangu?" na yeye, ambaye saini yake ipo kwenye kila cheti cha mfuko wa Fahari unaotoka chumba hiki, alijibu nini, alijibu, "Maharagwe yote yanafanana, Twiga," na Twiga akacheka kidogo, "Kweli, mimi fundi wa nguo nitajua nini," na wakaongea habari za watoto. Ile ilikuwa nafasi, imeletwa mpaka sikioni, akaitupa nayo.

"Dada Mizani, wanauliza tena huku, nikuwekee jina?"

"Usiweke."

"Niseme umekataa? Watakusema, unawajua."

"Usiseme chochote. Watasikia kwangu," na hasira ilikuwa bado ipo, ila haikuwa tena na pahali pa kwenda, alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea kuegemea ukuta, na sasa aliitafuta kwa mgongo asiipate, Kiranja atapata barua yake, atajibu kuhusu uzi, lakini Kiranja si wa kwanza, wala hao thelathini na mmoja, wa kwanza yuko kibandani, pini mdomoni, na hastahili kuyasikia haya kwa watu, na labda ataizima cherehani na labda atakata simu na asimpigie tena maisha yake yote, na hiyo itakuwa haki yake, na maneno yenyewe hayahitaji barua, ni machache, akayajaribu kimya kimya huku mkono ungali umeshika kibano na Mama Pacha akiendelea na habari za mtu wa samaki, akayajaribu mara ya pili, yakakaa sawa mdomoni, Twiga, Rula hakukuongopea, mmea wako niliung'oa mimi.