Jani Lililoachwa Upindoni

Henga zote za nguo katika kabati la Muazzam zilitazama ukutani. Hilo lilikuwa sharti, na kila aliyeishi katika nyumba ile ya Tashkenti alilijua. Basi Jumatatu asubuhi alipofungua kabati akakuta henga moja, ya joho jekundu, imegeuza ndoano yake nje, alisimama mkono kiunoni akanusa hewa. Kulikuwa na harufu ndani ya kabati, si ya manukato yake wala ya kafuri za kufukuzia nondo. Harufu ya dawa, kama ya kuchua viungo. Aliijua na hakuijua. Akafunga mlango polepole, akasema moyoni: kuna mtu humu.

Huyu Muazzam, nikwambieni mapema, alipenda picha kuliko alivyopenda watu. Picha zilijaa vyumba vyote, zikafurika ukumbini, zikafika mpaka njia ya jikoni. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alifungua lango lake, wageni wakaja kunywa chai na kutazama picha mpya aliyoitundika. Hivyo ndivyo walivyosema wenyewe, kwamba wanakuja kutazama picha. Nusu yao walikuja kuona mama kavaa nini. Maana sokoni alikwenda na koti la kijivu kama mwalimu wa hesabu, wala hakujali, lakini nyumbani kwake alivaa kwa kufuata picha. Akitundika theluji, atavaa nyeupe na herufi za fedha zilizotariziwa mikononi. Akitundika soko la mishmishi, atavaa hariri ya manjano, hata viatu vyake vya sufu vitiwe rangi hiyo hiyo. Alikuwa na mbunifu wake wa mavazi ambaye hashoni nguo mbili zinazofanana, na kabati tatu zilizojaa kazi zake.

Mwezi ule picha ilikuwa ya makomamanga yaliyopasuliwa. Kwa hiyo ni joho jekundu, hakuna mjadala.

Na joho lile halikuanza likiwa joho. Lilikuwa kitambaa cha ukutani ambacho mama yake, Bibi Sanobar, alikitarizi kwa hariri kule Nurata, majira mawili ya baridi, kwa ajili ya harusi ya Muazzam. Maua makubwa kama sahani, mekundu, na majani ya kijani yakizunguka. Miaka minne iliyopita Muazzam alikipeleka kwa mbunifu, mkasi ukapita, kikarudi joho la kufika miguuni lenye bitana ya hariri. Mama yake alipoambiwa alisema tu, "Ni chako." Upindoni, upande wa kushoto, palibaki jani moja ambalo nusu limejazwa uzi na nusu limechorwa tu. Hapo ndipo Muazzam alipopenda kuwaonyesha wageni. Atainua upindo kwa vidole viwili, atawaambia kwamba kwao mwanamke hamalizi kutarizi, lazima aache jani moja, kwa sababu aliyemaliza kazi yake amesema hana tena la kufanya duniani. Wageni watasema ahaa. Ameisimulia mara mia hadithi hiyo, na kila mara ilimpendeza.

Sasa nani kafungua kabati? Nyumbani walikuwa watu wanne. Yeye mwenyewe. Mwanawe Javlon, ambaye hajui joho na pazia vinatofautianaje. Bibi Sanobar, mwenye miaka themanini na minne, ambaye mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, na hatoki chumbani kwake ng'ambo ya ua bila kushikwa mkono. Na Zulhumor, mkaza mwana, mwenye miezi saba katika nyumba. Hesabu ya hapo hata mtoto ataifanya.

Zulhumor naye alikuwa wa Nurata. Alifagia ua kabla jua halijatoka, alimimina chai nusu bakuli kama inavyostahili, alimsalimu mama mkwe mkono kifuani, na hakuzungumza. Mwanzoni Muazzam alijisifu kwa rafiki zake kwamba amepata mkwe mtulivu. Kuanzia Jumatatu ile utulivu wenyewe ukaanza kumkera. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakusema bure.

Jumanne akatega. Aliweka punje tatu za choroko kwenye kizingiti cha kabati, mahali ambapo anayefungua hazioni. Jioni alipotoka kuoga alizikuta juu ya meza yake ya kujipodolea, ndani ya kisahani. Zulhumor akapita na taulo, akasema kwa adabu kwamba choroko za Mama zilianguka. Muazzam akamshukuru. Mnajua shukrani ya mtu aliyekasirika inavyosikika.

Jumatano akaja Farogat, rafiki yake mwenye duka la picha, mwanamke asiyepita mlangoni mwa mtu bila kuacha neno. Alisikiliza habari za henga na choroko huku akila haluwa, akajifuta midomo.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu," alisema, "na wewe una nguo kabati tatu."

Muazzam alimwambia aache mzaha. Farogat akasema hafanyi mzaha. Yuko mama mmoja anamjua, jina hatalitaja, alikuwa na joho la kale, mtu wa nyumbani akawa analitoa siku moja moja, linapimwa, linachorwa, na mwisho wake lile lililorudi kabatini halikuwa lile lililotoka. La asili liko ng'ambo, mgongoni mwa tajiri. Na usifikiri utatambua, akaendelea, maana hao wanaoiga wanaiga kila kitu. Kitu kimoja tu huwashinda. Wakiona pahali hapakumalizwa, wanadhani ni kasoro, wanapamaliza.

"Kwa hiyo wewe angalia upindo," alisema Farogat.

Kabla mgeni hajafika langoni Muazzam alikuwa amepiga magoti kabatini. Jani lilikuwa vile vile, nusu uzi, nusu mchoro. Akashusha pumzi. Lakini harufu ile ya dawa ilikuwapo, safari hii ndani ya bitana yenyewe, na ndoano ilitazama nje.

Alhamisi alijibanza nyuma ya pazia la ukumbi, mtu mzima na heshima zake. Akamwona Zulhumor anavuka ua na beseni la nguo, na chini ya shuka nyeupe palichungulia kitu chekundu. Binti aliupita mti wa mforsadi, akakata kushoto. Dirisha lile halionyeshi zaidi ya mforsadi. Kushoto kuna lango la nyuma, na kuna chumba cha Bibi, lakini Muazzam aliliona lango tu. Saa nzima alikaa pale. Alitaka kukimbia akamkamate, akajizuia. Alitaka ushahidi uive. Na hasira yake, kusema kweli, ilikuwa imeanza kumnogea.

Usiku alimwambia Javlon kwamba ikithibitika, mkewe atarudi kwao. Javlon, ambaye alimpenda mkewe kwa namna ya kijana asiyejua kulisema pendo hilo mbele ya mama, alisema hawezi kuamini. Mama yake akamuuliza, kuamini nini, nimesema jambo gani? Subiri Jumamosi. Na Javlon akasubiri kwa sababu tangu utoto wake katika nyumba ile neno la mwisho halikuwa lake.

Jumamosi ikafika. Pilau ilikuwa inachemka uani, mabakuli ya chai yamepangwa, makomamanga yananing'inia ukutani na taa yake. Muazzam alioga, akavaa herini za marijani, akafungua kabati. Akalishusha joho, akainua upindo kwa vidole viwili kama anavyowafanyia wageni.

Jani lilikuwa limejaa. Lote, mpaka ncha.

Akaketi nalo kitandani. Halafu akaita, na sauti ile hawakuwahi kuisikia. Zulhumor akaja mbio na mikono yenye unga, Javlon nyuma yake.

Hakupiga kelele. Alimwonyesha Zulhumor upindo, akamuuliza joho lake liko wapi. Binti akasema ndilo hilo, Mama. Muazzam akasema yeye si mtoto. Joho lake halikumalizwa, na hili limemalizwa, basi hili si lake, na aliyelitoa ndiye ajuaye lilikokwenda. Akamtajia henga, choroko, beseni. Kila alichotaja Zulhumor alikubali kwa kichwa, na kila alipokubali uso wa Javlon ulizidi kufifia. Muazzam akaliendea ukumbini sanduku dogo la ushonaji la mkwe wake, akalifunua, akarudi na kibonge cha uzi wa hariri wa kijani.

"Na huu?"

"Wa Bibi," alisema Zulhumor.

"Usimsingizie mama yangu. Mama yangu haoni hata kijiko."

Binti alifuta unga kwenye nguo yake. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. "Mama, nilimwapia sitasema. Nirudishe kwetu ukitaka. Ila kwanza nenda kamuulize."

Muazzam alivuka ua na joho mkononi. Alikwenda kwa kishindo, kama mtu anayekwenda kumaliza jambo, akasukuma mlango wa mama yake, na harufu ikampokea. Dawa ya kuchua viungo. Ilikuwa kwenye magodoro, kwenye mto, kwenye vile vidole vyenye mafundo vilivyokuwa vinatafuta bakuli la chai. Akasimama palepale. Mara ya mwisho aliingia lini chumba hiki akakaa? Chakula kililetwa na Zulhumor, na maji yalichemshwa na Zulhumor. Yeye alikuwa akipita kizingitini, anauliza umeamkaje, anakwenda zake kwenye picha.

"Ni wewe, Muazzam," alisema Bibi Sanobar. "Unakanyaga kama baba yako."

Muazzam alikaa chini, akamwekea upindo mapajani. Akamuuliza kama ni yeye. Kikongwe akalipapasa jani kwa kidole gumba, taratibu, akatabasamu. Alisema binti alimtungia nyuzi na kumwelekezea rangi, mshono wenyewe vidole vilijua. Alianza kwa kuomba alishike tu joho, maana alitamani kugusa kazi yake, na binti mwema akamletea. Siku tatu alilishika tu. Jana akatarizi.

"Mama, kwa nini usiniombe mimi?"

"Wewe una wageni."

Muazzam akaugusa upindo. Kisha akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka kabisa, kwamba jani lile haliachwi bure, mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Anayemaliza anaaga.

"Hiyo ni nusu ya maneno," alisema Bibi. "Ndiyo nusu unayowaambia wageni, nakusikia kutoka huku. Nusu nyingine ni kwamba jani anaachiwa binti. Mama anaanza, binti anamalizia, naye anaanza chake. Lile nilikuachia wewe. Miaka thelathini na minane nimengoja. Ulipokikata kitambaa nikasema, pengine sasa, maana jani liko karibu na mkono wako. Wapi."

"Sijui kushika sindano, mama. Unajua."

"Najua. Ndiyo nimeacha kungoja."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayesema mvua imekatika. Na Muazzam, ambaye juma zima alikuwa akitafuta mwizi, akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Hofu nayo ikamshika. Aliutazama mkono ule mwembamba juu ya hariri nyekundu, akaona umetulia mno.

Nje Farogat alikuwa amefika na kundi la kwanza, anaita mwenye nyumba kwa sauti ya kuvunja madirisha. Javlon alichungulia akauliza awaambie nini. Mama yake akasema awape chai, picha iko ukutani, haina miguu ya kukimbia.

Halafu akamwita Zulhumor. Binti akasimama mlangoni, hajui kama ameitwa kufukuzwa. Muazzam hakuwa na mazoea ya kuomba radhi na alifanya vibaya, akianza na kuishia katikati. Alisema, "Nimekudhania ubaya, mwanangu. Nimekosa." Akatazama chini. "Lete mkasi mdogo. Na ule uzi."

Akafumua. Alikata mishono ya jana mmoja mmoja, akivuta nyuzi kwa kucha, mpaka jani likabaki nusu kama lilivyokuwa, na Bibi akawa anauliza hicho ni nini nakisikia, nani anakata. Zulhumor alitunga uzi, akamshikisha mama mkwe wake sindano, akampanga vidole kama unavyomshikisha mtoto kalamu. Joho la makomamanga likiwa limetandazwa sakafuni, mwenyewe na herini zake za marijani na gauni la ndani, Muazzam akachoma mshono wake wa kwanza akiwa na miaka sitini na mmoja. Akajichoma kidole pia. Mishono mitano ilimchukua muda ambao wageni walimaliza chai ya pili.

Akampelekea mama yake upindo. Kidole gumba kikapita juu ya ile mitano, kikarudi, kikapita tena.

"Mibaya sana," alisema Bibi Sanobar. "Fumua, uanze upya."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka niseme imekaa sawa. Mimi sina safari leo."

Muazzam akachukua mkasi. Alifumua polepole, na hakuwa na haraka ya kujifunza.